Redio Iliyobaki kwa Fundi

Fundi hakupenda muziki. Watu wa Kitale waliomjua kwa kazi yake hawataniamini, maana magari mengi yanayopita mjini yakitikisa vioo vya maduka ni yeye aliyeyatia hiyo sauti. Lakini mimi niliketi naye miaka mingi, cherehani yangu ikitazamana na benchi lake, na sikuwahi kumsikia akiimba wala kupiga mluzi. Alipomaliza kufunga redio mpya alichomeka flashi yake, akacheza wimbo mmoja wa kwaya ya kanisa lao, ule ule siku zote, akausikiliza mpaka pale sauti nzito za wanaume zinapoingia, kisha akauzima. Kwake muziki ulikuwa wa kupimia tu, kama fundi wa mabomba anavyofungua mfereji aone kama maji yanatoka.

Namwita Fundi kwa sababu hivyo ndivyo alivyoitwa na kila mtu, tangu wenye magari hadi muuza njugu. Jina lake nalijua, ila silitaji. Jina la ndugu yangu Wafula limetajwa vya kutosha kwa wote wawili.

Mwaka jana alipoacha kazi na kurudi kwao Bungoma, wenzetu wa yadi walimfanyia kasherehe ka soda na keki. Wakanitaka mimi niseme machache, kwa kuwa ndimi niliyekaa naye karibu zaidi. Nilisema koo linaniuma. Koo lilikuwa zima kabisa, ila nilichokuwa nacho kingeharibu keki ya watu. Wengine walisimama wakasema alikuwa baba, alikuwa mshauri, alikuwa mtu wa Mungu, na hakuna aliyesema uongo. Mimi nilikuwa nikimngoja aseme sentensi moja, na pale alipokata keki nilijua anaondoka nayo.

Yadi yetu iko upande wa barabara ya kwenda Matisi, mabati juu na nguzo pembeni, bila ukuta. Kuna anayebandika giza kwenye vioo, kuna anayeandika maneno nyuma ya magari, kuna mimi nishonaye kava za viti, na palikuwa na Fundi. Mtu alileta gari alilonunua kwa mtu mwingine, limechoka na linanuka mbwa, na jioni akaondoka nalo kama bwana harusi. Sehemu kubwa ya furaha hiyo ilikuwa kazi ya Fundi. Mteja akishaona skrini inawaka pale mbele, akagusa kwa kidole na ramani ikafunguka, akarudi nyuma na kuona nyuma ya gari lake kwenye kioo kile, husahau kabisa kunitazama mimi na kava zangu.

Kazi yake ilikuwa safi, siwezi kumnyima hilo. Kabla hajaketi ndani ya gari la mtu alitandika leso ya zamani ya mke wake juu ya kiti. Kubandua dashibodi alitumia kipande cha plastiki alichokata kwenye ndoo, akakisugua kwa msasa hadi kikawa laini, maana alisema chuma kinaacha kovu. Skrubu alizipanga juu ya sumaku kwa jinsi zilivyotoka. Waya ndizo zilizomfanya asifiwe. Mafundi wengine wanazifunga kwa tepu zikaning'inia miguuni mwa dereva kama utumbo wa kuku, lakini yeye alizipitisha chini ya zulia, ndani ya nguzo za mlango, nyuma ya boksi la fyuzi, mpaka usijue redio inapata umeme wapi. Alipenda kusema, "Sauti ikitoka safi, hakuna mtu huuliza waya imepita wapi." Aliwaambia wateja, na aliwaambia vijana wa yadi. Nilimsikia akilisema hata kanisani kwao siku moja aliponialika, akiwahimiza watu watende mema kimyakimya. Watu wakapiga makofi.

Alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyesoma matangazo kila Jumapili kwa sauti yake nene. Ulimi wake ulikuwa wa Bungoma halisi, redio ikawa ledio, lakini ikawa rakini, na hakuona haya. Vijana wa yadi walimwiga mbele yake naye akacheka nao.

Sasa kuna desturi moja ya kazi yake ambayo lazima niieleze, kwa sababu ndiyo iliyotumaliza. Ukimletea fundi gari afunge redio mpya, ile ya zamani inayotolewa hubaki wapi? Watu wengi hawajiulizi. Mteja yuko na furaha ya skrini, analipa, anapiga honi, anaondoka. Akikumbuka kuuliza, fundi humfungia redio yake kwenye gazeti akampa. Asipouliza, inabaki. Ndivyo wanavyofanya mafundi wote ninaowajua hapa Kitale, na hakuna anayeita wizi. Wao husema asiyeuliza ameacha. Chini ya benchi la Fundi palikuwa na katoni ya redio hizo, za kaseti na za sidii, nyingine nzima kabisa. Alizitoa vipuri, au alimpa mtu mwenye kigari kisicho na redio. Hakuna mteja aliyewahi kuambiwa, na hakuna aliyewahi kukubali. Ni jambo lililokaa kati ya watu bila kusemwa, nalo lilikaa vizuri mradi hakuna aliyeuliza.

Fundi alikuwa mkarimu. Naliandika hilo kwa kusaga meno, lakini ni kweli. Mota ya cherehani yangu ilipoungua aliifungua mwenyewe, akaisuka upya, akakataa hata soda. Binti yangu Nekesa alipoitwa kidato cha kwanza, Fundi ndiye aliyemnunulia sanduku la bati, akaliandika jina kwa rangi nyeupe. Mvua ikinyesha na upande wangu ukivuja, alisogeza vitu vyake akanipa nafasi pakavu. Ungemwomba kitu chochote kilichokuwa mikononi mwake, angekupa. Nilikuja kujua baadaye kwamba kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hangeweza kumpa mtu, nacho ni jina lake; hilo hangekubali lichafuke hata kidogo.

Na alikuwa mwoga wa wakubwa. Hili nililiona mapema nikalichukulia mzaha. Alikuwa na sauti mbili. Mwenye pikapu ya maziwa alikuja kulalamika kwamba spika inakwaruza, Fundi akamwambia mbele ya watu aende akasafishe masikio, na yadi nzima ikacheka. Wiki hiyo hiyo akaja bwana mmoja wa ofisi, ambaye alikuwa ameacha taa za gari zikiwaka usiku kucha mpaka betri ikalala, akadai ni redio mpya iliyomaliza moto wa betri. Fundi alijua si redio. Mimi mwenyewe nilijua si redio. Lakini aliinama, akasema pole mkubwa, akafungua dashibodi yote, akajifanya kurekebisha. Yule bwana alipoondoka nilimwuliza kwa nini amebeba kosa lisilo lake. Akasema, "Mama Nekesa, mtu kama huyo ukimwambia amekosa, kesho mji wote utasikia ni wewe umekosa."

Wafula ni mdogo wangu, tumefuatana. Nyumbani kwetu ni Webuye, lakini yeye alinifuata Kitale akanunua kigari kikuukuu, akawa anasambazia watu wa duka la mikate. Asubuhi alizunguka Kibomet na Matisi akigawa mikate madukani, na gari lake lilinuka vizuri kuliko magari yote yaliyowahi kuingia yadi yetu. Watoto wangu walimwita khocha, yaani mjomba, na khocha hakuwahi kuja mikono mitupu. Redio hakuwa nayo. Aliendesha huku akiimba mwenyewe, vibaya sana.

Wakati huo Fundi alikuwa anajenga kwao Bungoma. Siku moja alimwomba Wafula amsafirishie mabati ya nyumba, mikate ikishaisha. Wafula aliyafunga juu ya kigari chake, akayapeleka Bungoma polepole, akarudi jioni amejaa vumbi. Fundi akatoa redio moja chini ya benchi, akaifunga ndani ya gari la Wafula kwa mikono yake, kwa usafi ule ule wa siku zote, leso ikiwa imetandikwa kitini. Hayo ndiyo yalikuwa malipo. Nilikuwepo. Ndimi niliyewashikia tochi aliponyosha mkono nyuma ya dashibodi.

Redio yenyewe ilikuwa ya kaseti, na kitufe chake cha sauti kilikuwa kimevunjika zamani. Mwenyewe wa kwanza alikuwa amegundishia mahali pake kifuniko cha manjano cha chupa ya dawa ya kupe. Ukitaka kuongeza sauti ulizungusha kifuniko hicho. Wafula alikipenda kuliko redio yenyewe, akasema sasa gari lake lina kitu ambacho hakuna gari jingine linacho.

Aliyegundisha kifuniko kile alikuwa daktari wa ng'ombe, mtu mkubwa na mwenye heshima zake, ambaye Fundi alikuwa amemfungia skrini kwenye pikapu. Hakuuliza redio yake ya zamani siku ile, kama watu wote. Baada ya muda wezi wakavunja mlango wa pikapu yake mahali fulani mjini, wakang'oa ile skrini na kufagia vitu vilivyokuwa ndani. Daktari akakumbuka redio yake ya kaseti, akaitafuta, asiione. Akaamini kwamba Fundi aliiweka nyuma ya kiti siku ile ya kufunga, na waliobeba skrini waliibeba nayo. Kwa hiyo alizunguka mji akiwa na hasira na macho wazi.

Akamkuta Wafula Kibomet, mbele ya duka, mlango wa gari umeachwa wazi, mikate mikononi, na kile kifuniko cha manjano kikimwangalia.

Niliyosimuliwa ni kwamba daktari hakupiga kelele. Alisema tu, redio hiyo ni yangu, niliibiwa. Kelele zilipigwa na wengine. Wafula alipigwa makofi, akararuliwa shati, na akazidi kusema neno moja: twendeni kwa Fundi, ndiye aliyenipa. Na kwa kuwa Fundi alikuwa Fundi, mzee wa kanisa, mtu ambaye mji mzima ulimwamini, watu walikubali. Hilo ndilo hunikera mpaka leo. Walikuwa tayari kusikia.

Wakaja yadi, kundi zima, Wafula akiwa katikati na daktari mbele akiwa ameshika ile redio, waya zikining'inia. Mimi niliangusha mkasi nikakimbilia kwa ndugu yangu. Nikasema kwa sauti yangu yote kwamba nilikuwepo, nilishika tochi, Fundi ndiye aliyempa kama malipo ya kubeba mabati. Mtu mmoja akauliza huyu mama ni nani, akajibiwa ni dada yake. Basi nikawa nimekwisha.

Daktari akamwuliza Fundi kwa upole kabisa, "Fundi, hii redio yangu, siku ile ulipoitoa, uliiweka wapi?"

Fundi alikuwa akijipangusa mikono. Alimtazama daktari. Hakumtazama Wafula hata mara moja. Akasema, "Daktari, mimi ledio ya mtu huwa sikai nayo. Huwa narudisha kwa mwenyewe."

Wafula akasema, "Lakini Fundi, si ni wewe ulinipatia? Si nilikubebea mabati?"

Fundi akachukua leso yake, akaikunja, akaikunja tena, akaiweka juu ya benchi.

Watu husema Wafula alivunjwa mkono Kibomet. Si kweli. Kibomet alipigwa makofi. Mkono ulivunjwa hapa, mbele ya benchi, baada ya leso kukunjwa. Waliomvunja walikuwa wamekuja kuuliza, na walikuwa wamejibiwa.

Polisi walimchukua, wakampeleka hospitali, wakamrudisha ndani. Daktari, kwa moyo wake mwema, akasema hataki kesi, amemsamehe kijana. Sijui kama kuna msamaha mbaya kuliko huo. Mtu akishinda kesi huwa hana hatia, lakini mtu aliyesamehewa wizi ni mwizi aliyebahatika. Wenye mikate wakampa mtu mwingine njia yake. Mkono uliungana vibaya, ukawa hauwezi kuzungusha usukani wa gari la zamani. Akauza kigari, akahamia Bungoma, akafungua kibanda cha kuchaji simu na kuuza kadi, na hata huko wakapita watu wa Kitale wakamtambua. Kwa watu hao hana jina. Ni yule wa redio.

Mama yetu Webuye aliniita siku moja faraghani, akafunga mlango, akaniambia nimwambie polepole, yeye ni mama na hatamchukia mtoto wake, lakini aliiba au hakuiba? Nikamwambia hakuiba. Akaniuliza kama hivyo ndivyo, mbona yule mtu wa kanisa hakumtetea. Alifariki akimpenda Wafula, na sina hakika kama alimwamini.

Na Fundi? Fundi ndiye aliyeanzisha mchango wa hospitali. Alipita yadi nzima na kofia yake, akaanza kutoa yeye. Alimtembelea Wafula wodini, akamwombea kwa sauti ile nene mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakasema amina. Wafula aligeukia ukutani. Mimi nilisimama pale nimeshika bakuli la uji, nikingoja amina iishe aseme lile neno. Amina iliisha, akavaa kofia akaenda.

Kuanzia hapo aliniletea chai kila asubuhi. Hakuwahi kufanya hivyo kabla. Kikombe cha chai ya maziwa, sukari nyingi, akakiweka kando ya cherehani, akarudi kwenye benchi lake. Watu huniuliza kwa nini niliinywa, na kwa nini sikuhama. Ningehamia wapi na cherehani na wateja wanaonijua hapa? Na chai niliinywa kwa sababu kila ilipoletwa nilidhani safari hii imekuja pamoja na maneno. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote, na asubuhi alipochelewa nilikuwa nikitazama barabarani.

Mara moja tu nilimwambia waziwazi. Tulikuwa wawili, mvua imewafukuza wengine. Nilimwambia sitaki chai, nataka aende kwa daktari aseme ukweli. Akajibu kwamba mambo ya Wafula tumeachia Mungu, akaendelea kumenya waya kwa meno. Kesho yake chai ikaja kama kawaida.

Sikumwambia tena mpaka mwaka huu, nilipolazimika.

Mtoto wa Wafula amekua, kijana mpole, ana kazi yake, na amepata msichana. Msichana ni wa hapa Kitale, wa Kibomet. Mazungumzo yalianza vizuri, watu wakaketi, wakacheka, wakala. Kisha mzee mmoja wa upande wao akauliza baba ya kijana aliondoka Kitale kwa nini. Kikao cha pili kikaahirishwa. Baadaye tukatumiwa ujumbe kwamba kijana hana neno, ni mtoto mzuri, ila familia yao haijawahi kuchanganyika na mwizi, na wangependa kufikiri kwanza. Msichana analia, kijana amenyamaza, na Wafula amesema yuko tayari asionekane harusini kama hiyo itasaidia. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayejitolea kukaa kiti cha nyuma, na hapo nilishindwa kabisa. Nikafunga cherehani nikaenda Bungoma.

Nyumba ya Fundi iko nje kidogo ya mji, ina ua wa maua na kuku wengi. Mabati ni yale yale, yameanza kushika kutu pembeni. Mkewe alinikaribisha, akaniingiza, akatoka kwenda kutafuta maziwa. Fundi alikuwa ameketi kwenye kochi, amekonda, sikio moja limekufa, na lililobaki amelielekeza mezani. Juu ya meza palikuwa na boksi la mbao lililopigwa msasa vizuri, spika mbili za mlango wa gari, na waya zisizoonekana zilikoelekea. Katikati ya boksi ilikuwa redio ya kaseti yenye kifuniko cha manjano.

Ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Fundi akanyosha mkono, akazungusha kifuniko, akapunguza sauti ili anisikie.

"Mama Nekesa," akasema. "Baridi ya Kitale iko namna gani?"

Niliinyoshea redio kidole. Hakushtuka, labda alikuwa ameizoea mno hata akasahau ni kitu gani. Akaniambia kwamba daktari alipokuja kufungiwa skrini nyingine, majuma machache baada ya mambo yale, aliiacha pale juu ya benchi. Alisema hana kazi nayo, Fundi anaweza kuitupa.

Niliketi. Wakati Wafula bado ana plasta hadi begani, redio iliyomvunja mkono ilikuwa imesharudi chini ya benchi, hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu, kwa desturi ile ile. Mwenyewe hakuitaka. Hakuwa ameitaka tangu siku ya kwanza.

Nikamweleza habari ya harusi, yote, karibu na sikio lake zima. Nikamwambia sitaki pesa, sitaki aombe radhi, wala sitaki aende kwa daktari. Nataka aje Kitale siku moja, aketi na wazee wa yule msichana, aseme kwamba redio alimpa yeye. Nauli ni juu yangu.

Kuku waliingia wakatoka. Kisha akasema, akiangalia mikono yake, "Ni mimi nilimpatia."

Miaka yote ile nilidhani nikiyasikia maneno hayo nitalia. Sikulia. Nilitazama mlangoni nione kama kuna mtu mwingine aliyesikia, na hapakuwa na mtu.

"Ningesema nini, Mama Nekesa?" akaendelea. "Daktari angeuliza nilipewa na nani ruhusa ya kupeana. Watu walikuwa wameshika mawe. Mwizi angekuwa ni mimi, na mimi ndio nilikuwa nasomea watu matangazo kanisani."

"Siku hiyo uliogopa. Hiyo nimeelewa. Sasa njoo uwaambie wazee."

"Hayo nilishamwambia Mungu. Kila siku namwambia."

"Mungu hakukuuliza, Fundi. Aliyekuuliza ni daktari."

Akafumba macho. Nilidhani amelala, au anaomba. Alipoyafumbua alisema amezeeka, safari ya Kitale itamshinda, na watu wa kanisa la hapa ndio wamemchagua juzi tu kuwa mshauri wa vijana. Akasema mambo yakifukuliwa sasa, watoto wake pia wana wakwe. Alisema hilo la watoto kwa uchungu wa kweli. Hakuona kwamba nami nilikuja kwa ajili ya hilo hilo.

Nikasimama niende. Ndipo alipofanya jambo la ukarimu, kwa sababu ukarimu haukumwacha hata siku hiyo. Alijiinua kwa taabu, akazima redio, akaichomoa kwenye boksi lake waya moja baada ya nyingine, taratibu, bila kukata hata moja. Akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati. Akavuta leso iliyokuwa juu ya kochi, ya mke wake, akaifunga redio humo vizuri kama mtoto, kifuniko cha manjano kikiwa nje, akaninyoshea kwa mikono miwili.

"Mpelekee Wafula," akasema. "Hii ni yake. Mimi ndio nilimpatia."

Nilimwangalia na mzigo wake. Kutoka pale mpaka kwenye kibanda cha ndugu yangu ni mwendo wa kupita stendi, na stendi ya Bungoma ina watu wa Kitale kutwa nzima.

Nikamwuliza, "Na nikikutwa nayo huko njiani, niseme nimepewa na nani?"

Alibaki ameinyosha mikono. Mdomo ulifunguka kidogo, kama ule wa siku za matangazo, nikangoja. Nilimpa muda wote alioutaka. Kisha akageuka polepole, akaiweka redio mezani, akaifungua kwenye leso, akaanza kurudisha waya mahali pake. Mikono haikukosea. Nilikuwa nimefika kwenye ua wa maua alipozungusha kifuniko, na sauti ikatoka safi.